Maswali ya Wasomaji: Mjane Anayeketi Karibu na Mlango

SWALI: Bwana Yesu asifiwe, Mhariri. Mimi ni mzee wa kanisa katika usharika mmoja wa Kigoma mjini. Mwaka jana alihamia kwetu mama mmoja ambaye mumewe, mvuvi wa dagaa, alizama ziwani usiku wa upepo mkali. Katika kanisa alilosali zamani aliambiwa mbele ya watu kwamba msiba ule ulitokana na dhambi iliyofichwa nyumbani kwake. Sasa huketi nyuma kabisa karibu na mlango, huondoka kabla ya baraka ya mwisho, na mchungaji akimkaribia hutetemeka. Baadhi ya wazee wenzangu wanasema mwaka mmoja unatosha, aitwe mbele, aombewe, kisha atoe ushuhuda. Wanataja neno la Yohana kwamba pendo lililo kamili huitupa nje hofu. Mimi nasita. Tufanye nini?

JIBU: Mzee wetu, kusita kwako kuna sababu. Mama huyu ameumia mara mbili, kwanza kwa kufiwa, kisha kwa maneno ya watu aliowategemea wamfariji, na naamini jeraha hilo la pili ndilo linalomtetemesha mbele ya mchungaji. Kumwita mbele ya usharika, hata kwa nia njema kabisa, ni kumrudisha palepale alipoaibishwa, huku macho ya watu wote yakimzuia kusema hapana.

Andiko wanalolitaja wenzako lisomwe lote. Katika sura ile ya 4 ya Waraka wa Kwanza wa Yohana, aya hiyohiyo inasema kwamba hofu ina adhabu, na sura nzima inawaagiza waamini wapendane. Anayepewa kazi ya kuitupa nje hofu ni pendo. Mwenye hofu hakuagizwa aitupe mwenyewe ili tumhesabu kuwa na imani. Mama aliyefundishwa kwamba kifo cha mumewe kilikuwa adhabu anahitaji kuambiwa waziwazi, faraghani, akiwa na mwanamke anayemwamini, kwamba fundisho lile halikuwa sahihi. Yesu mwenyewe alipoulizwa kuhusu mtu aliyezaliwa kipofu, ni nani aliyetenda dhambi, alikataa kumlaumu kipofu wala wazazi wake.

Mtazameni pia Eliya katika 1 Wafalme 19. Alimkimbia Yezebeli kwa hofu, akaomba afe, akalala chini ya mti. Malaika alimgusa, akamwambia ale, na Eliya alipokula mkate na kunywa maji akaachwa alale tena. Kisha akapewa chakula mara ya pili, kwa sababu safari ilikuwa kubwa kuliko nguvu zake. Swali la Mungu la kwamba anafanya nini pale lilikuja baadaye sana, huko kwenye mlima Horebu. Wazee wanaotaka ushuhuda wanaanza na swali kabla ya mkate.

Nasema hili kwa uchungu, kwa kuwa sisi watu wa huku tunajua kukaa na aliyefiwa. Tunalala kwenye mikeka msibani, kwaya inaimba, rambirambi zinachangwa, na wengine huketi tu bila neno, jambo ambalo ni msaada mkubwa. Tanga likishaanuliwa tunatawanyika, na baada ya miezi michache tunashangaa kwamba mjane bado analia. Mkoa wetu, uliopokea wakimbizi wa Burundi tangu mwaka 1972 na wa Kongo waliofika kambi ya Nyarugusu mwaka 1996, ulipaswa kuwa umetufundisha kwamba hofu haiondoki siku mtu anapofika mahali salama.

Basi mwacheni aketi karibu na mlango kwa muda autakao, wala asifuatwe anapotoka. Mama mmoja au wawili, si kundi zima, waombe ruhusa ya kumtembelea, na akikataa wakubali kwa upole, kisha waulize tena siku nyingine. Wakikaribishwa, wasaidie yaliyopo, kama sare za shule za watoto au kwenda naye sokoni. Usiku upepo unapovuma ziwani ndio pengine mgumu zaidi kwake. Wamuulize kama angependa mtu alale kwake. Tena atakayoyasema yasifikishwe kwenye baraza la wazee, wala yasigeuzwe ombi la hadhara la "tumkumbuke dada yetu mmoja", kwa kuwa siri nyingi za waumini zimetoka nje kwa njia ya sala. Ushuhuda asiombwe kabisa. Akitaka kuutoa, atasema mwenyewe.

SWALI: Je, kumshauri muumini mwenye hofu kubwa aende hospitali si kukiri kwamba maombi yameshindwa? Msomaji, Kasulu.

JIBU: Sivyo. Paulo alimwita Luka tabibu mpendwa, akatembea naye katika kazi ya Injili. Muumini akipitisha majuma bila usingizi au bila hamu ya chakula, mshaurini aende kituo cha afya kilicho karibu, na daktari akiona haja atamwandikia rufaa ya kwenda hospitali ya mkoa, Maweni. Akisema kwamba anataka kufa, asiachwe peke yake, apelekwe siku hiyohiyo. Mmoja wenu aende naye, akae naye kwenye foleni, na ampitie tena siku ya kurudi kliniki. Maombi yaendelee nyumbani na njiani.