Dodoma–Dar bila foleni ya malori: njia zinazofaa na zile zinazopendeza kwenye ramani tu

Mkuu mleta uzi, umeuliza kama ipo njia ya kutoka Dodoma hadi Dar mwezi Desemba, na familia kwenye gari dogo, bila kuburuzana na malori ya barabara ya Morogoro. Nakujibu kwa urefu kwa sababu baadhi ya njia ambazo watu huzitaja ni za vumbi, na mvua zikishaanza zinaweza kukulaza porini na watoto.

Jambo la kwanza: kati ya Dodoma na Morogoro hakuna lami ya pili inayokwenda sambamba. Kipande hicho cha takribani kilomita 260 utakipita tu, kwa hiyo pale unachochagua ni saa. Njia unaichagua ukifika Chalinze.

Tuanze na saa. Toka Dodoma saa 11 alfajiri. Kipande cha Ihumwa, Chamwino hadi Mbande kimenyooka, kwa hiyo giza la muda wa saa moja hivi linavumilika ukienda 70 au 80. Kunapambazuka ukikaribia Kibaigwa, na hapo ndipo unapotaka uwe umepita mapema. Kibaigwa ni soko la mahindi: malori yanaingia na kutoka, mengine yanageuza katikati ya barabara, bodaboda na matoroli yanakatiza. Msimu wa mavuno hali ni mbaya zaidi, lakini hata Desemba ukipita saa 3 asubuhi utasota. Usitoke saa 8 usiku ukidhani ndiyo utakuwa umewahi zaidi. Usiku malori mabovu hulala barabarani bila taa, na alama pekee huwa ni matawi ya miti yaliyotupwa kwenye lami. Ukiona tawi, punguza mwendo hapo hapo, usisubiri uone lori. Tangu mabasi yaruhusiwe tena kusafiri usiku mwaka 2023, nayo yapo barabarani saa hizo, tena na haraka zao.

Kuna jambo ambalo wengi hawalisemi: jua. Kwenda Dar asubuhi unaelekea mashariki, na kati ya Pandambili na Gairo jua linakupiga usoni moja kwa moja. Kioo chenye vumbi kwa ndani kinakuwa cheupe kabisa. Kifute kwa ndani na nje usiku wa kuamkia safari, na hakikisha chupa ya maji ya waipa imejaa. Anayerudi Dodoma jioni anakutana na jua hilo hilo upande wa pili, kwa hiyo ukiwa unaovateki na jua liko mgongoni kwako, mchukulie dereva anayekuja mbele yako kwamba hakuoni.

Gairo ndipo msururu unapojikusanya, kwa sababu ya vilima. Semi iliyojaa inapanda kwa mwendo wa mtu anayekimbia, nyuma yake magari kumi, na kila mmoja ana hamu ya kuchomoka. Ukiwa wa nane kwenye msururu usichomoke. Kaa umbali wa kutosha uone mbele ya lori, subiri mlima uishe, malori yatajiachanisha yenyewe kwenye mteremko na tambarare. Dereva wa lori akiwasha indiketa ya kushoto anakuambia kweupe. Ya kulia anakuambia usijaribu. Ya kulia itii daima. Ya kushoto ichukue kama taarifa tu, macho yako ndiyo yanayoamua, maana huenda anapaki au anakata kona.

Kwenye vijiji mwendo ni 50 na tochi za trafiki za kupima mwendo zipo, mara nyingi pale kibao cha 50 kinapokaribia kuisha na mguu umeshaanza kukanyaga mafuta. Faini ni shilingi 30,000 kwa kosa, na muda unaopotea pembeni ya barabara unakurudisha nyuma ya malori yote uliyoyapita.

Kwa ratiba hiyo unafika Msamvu, pale Morogoro, mnamo saa 3 asubuhi na Chalinze kama saa 5. Ukitoka Dodoma saa 2 asubuhi, hesabu inakutupa kati ya Mlandizi na Kibaha jioni, saa mbaya kuliko zote. Njia nane za Kimara–Kibaha, kilomita 19.2, zimesaidia sana, ila ziko mwisho wa safari. Shingo ya chupa ni kabla yake, Chalinze hadi Kibaha, ambako malori ya nchi nzima na ya nchi jirani yanabanana na pia yanasubiri mizani ya Vigwaza.

Hapo ndipo kuna njia mbadala ya kweli. Chalinze kata kushoto kama unaenda Segera, nenda kama kilomita 40 hadi Msata, kisha kulia kwenda Bagamoyo, kilomita 64, lami tupu. Kutoka Bagamoyo unaingia Dar kwa Bunju na Tegeta. Unaongeza takribani kilomita 60, yaani lita tano au sita za mafuta kwa gari dogo, lakini malori ni machache mno. Inakufaa kama unakwenda Tegeta, Mbweni, Kawe, Mbezi Beach au Mwenge. Kama mwisho wako ni Mbagala, Temeke au Gongo la Mboto, usijisumbue, utakachookoa njiani utakilipa ukikatiza jiji. Mvua zikiwa kubwa uliza kwanza hali ya bonde la Ruvu pale Makurunge, maji hupanda. Na upite Bunju kabla ya saa 10 jioni.

Sasa zile za kwenye ramani. Simu itakuonyesha kwamba kutoka Mbande unaweza kushuka Kongwa, Mpwapwa, Gulwe hadi Kilosa, kisha ukatokea Dumila. Kutoka Kilosa hadi Dumila ni lami, sawa. Lakini bonde la Gulwe hadi Kilosa ni la reli na mafuriko. Reli yenyewe imekuwa ikikatwa na maji hapo miaka na miaka. Usipeleke gari dogo. Njia ya Magole–Turiani–Mziha–Handeni ina maana kwa anayekwenda Korogwe au Lushoto kiangazi: Magole hadi Turiani ni lami, halafu unapata takribani kilomita 100 ambazo kwa kawaida ni vumbi na changarawe. Kwa Dar haina maana hata kidogo.

Kama umelazimika kupita vumbi la huku kwetu kati ya Desemba na Aprili, kuna mawili ya kuogopa. Udongo mweusi wa mbuga: ukilowa unajaza meno ya tairi hadi tairi linakuwa laini kama sabuni, na kukanyaga mafuta kunakuzamisha tu. Rudi nyuma kwenye nyayo zako. La pili ni makorongo. Korongo kavu saa 8 mchana linaweza kujaa saa 10 bila tone la mvua pale ulipo, kwa sababu imenyesha milimani. Maji yakiwa yanatembea na huoni chini, simama. Mara nyingi hupungua ndani ya saa chache. Kwenye mchanga punguza upepo wa tairi hadi kama 20 psi, na uwe na pampu ya kurudisha 32 au zaidi kabla hujarudi lami. Tairi lenye upepo mdogo kwa mwendo wa 80 linapata joto na kupasuka. Beba pia kipande cha ubao cha kuweka chini ya jeki, kwani kwenye udongo laini jeki inazama yenyewe.

Ipo siku barabara ya Morogoro itakatika kabisa, na hilo si la kufikirika. Januari 2014 mafuriko yaliikata maeneo ya Dumila, Machi 2020 ikakatika Kiyegeya, Gairo. Ikitokea hivyo, mzunguko wa lami ni Dodoma–Mtera–Iringa–Mikumi–Morogoro, zaidi ya kilomita 550, zaidi ya mara mbili ya kawaida. Jaza tenki Dodoma, vituo vya mafuta kuelekea Mtera ni vya kuhesabu. Ukishapita Iringa unashuka Kitonga: tumia gia ile ile ambayo ungepandia, usishuke ukikanyaga breki mfululizo, na ukisikia harufu ya breki za lori la mbele mwachie nafasi kubwa. Mikumi ipite mchana, wanyama wanavuka na kumgonga mmoja kuna faini nzito. Kama safari inaweza kusubiri siku mbili, mimi ningesubiri.

Kwa wanaotoka Dodoma kwenda Arusha: msiende tena kupitia Chalinze. Dodoma–Kondoa–Babati, kilomita 251, ni lami tangu 2018, na magari ni machache. Tahadhari ni mifugo jioni, na kona za kuanzia Kolo kuelekea Bereko zikiwa na ukungu. Wa Mbeya, njia yenu ni hiyo ya Mtera na Iringa, Morogoro haiwahusu.

Na anayetoka Singida kwenda Dar asiingie katikati ya jiji la Dodoma asubuhi, maana kuanzia Nanenane hadi Mtumba atakuwa nyuma ya watumishi wote wa serikali. Barabara ya mzunguko wa nje, kilomita 112.3, imepangwa kumtoa Nala hadi Ihumwa kupitia Veyula na Mtumba, au upande wa pili kupitia Matumbulu. Uliza madereva pale mizani ya Nala kipande gani kinapitika siku hiyo kabla hujakata kona.