Takwimu za uhalifu na kipimo cha amani: maswali yenu

Swali: Polisi wametangaza kuwa kesi za ukatili majumbani zimeongezeka. Ina maana amani imepungua?

Jibu: Usiharakishe. Takwimu za polisi huhesabu kilichoandikwa kituoni, si kilichotendeka. Mfikirie mama aliyepigwa usiku. Anafika kaunta jicho limevimba, na mbele ya watu wote anaulizwa, "Ulimfanya nini mumeo?" Kalamu haijaguswa. Anageuka, anarudi nyumbani, na kwa upande wa takwimu hakupigwa mtu. Kituo hichohicho kikiweka chumba cha faragha na askari anayejua kusikiliza, kesi zitapanda, nami nitafurahi zikipanda. Ndiyo maana Marekani, tangu miaka ya 1970, huwauliza wananchi majumbani kama wamefanyiwa uhalifu, wawe wameripoti au la. Mexico nayo hufanya hivyo kila mwaka, na utafiti wake unaonyesha kuwa zaidi ya makosa 9 katika kila 10 hayaripotiwi au hayafunguliwi jalada.

Swali: Kwa nini basi watafiti huanza na mauaji?

Jibu: Maiti ni vigumu kuificha, na madaktari nao huandika chanzo cha kifo, hivyo hesabu mbili zinaweza kulinganishwa. Hata hivyo, Mexico ina zaidi ya watu 100,000 waliosajiliwa kuwa wametoweka. Ndugu zao bado wanawatafuta.

Swali: Mji wetu mdogo umeonekana hatari kuliko jiji kubwa. Inakuwaje?

Jibu: Gawanya kwa idadi ya watu. Mauaji 6 kwenye mji wa watu 40,000 ni 15 kwa kila watu 100,000. Mauaji 100 kwenye jiji la watu milioni 2 ni 5 tu. Ila kwa mji mdogo tazama wastani wa miaka kadhaa, maana ugomvi wa usiku mmoja hupindua hesabu yote.

Swali: Polisi wengi na wafungwa wengi, si ndio usalama wenyewe?

Jibu: Kipimo cha amani cha majimbo ya Marekani kilichotolewa 2011 na taasisi ya utafiti iitwayo Institute for Economics and Peace kilisema kinyume: wingi wao ulipunguza alama, sawa na mauaji, uhalifu wa kutumia nguvu na urahisi wa kupata silaha ndogo. Maine iliongoza, Louisiana ikashika mkia. Kuhusu wafungwa nakubaliana nao: jimbo linalotuliza mitaa kwa kujaza magereza limehamisha vurugu, halijaziondoa. Kuhusu polisi nasita. Askari anayechukua kalamu na kuandika malalamiko ya yule mama anaongeza amani, lakini kwenye kipimo hicho anahesabiwa kuwa ameipunguza.