Kwa anayeanza kuunga protini zenye isotopu mahali maalumu

Wanafunzi wengi wanaojiunga na kazi hii huanza kwa kuulizia bei ya asidi amino zenye kaboni-13 (isotopu, yaani aina nzito, ya kaboni), ilhali swali linalopaswa kutangulia ni la mahali pa kuunga. Ukiwalisha bakteria nitrojeni-15 pekee, wataiingiza katika kila nitrojeni ya protini, nawe utapata ishara nyingi zilizorundikana kwenye vipimo vyako. Ndiyo maana kipande kifupi, ambacho kwa kawaida hakizidi asidi amino 50 hivi, tunakitengeneza kwa kemia tukiweka isotopu pale tu tunapoitaka, kisha tunakiunga na kipande kirefu kilichozalishwa na bakteria. Njia hii, iliyoelezwa na Muir, Sondhi na Cole mwaka 1998, hudai thioesta (kundi la kemikali lenye salfa ambalo ni jepesi kumenyuka) mwishoni mwa kipande cha kwanza, ambayo hupatikana kwa msaada wa inteini, yaani kipande cha protini kinachojikata chenyewe, na sisteini, asidi amino yenye salfa, mwanzoni mwa kipande cha pili.

Basi usiagize chochote kabla hujausoma mfuatano wa protini yako herufi kwa herufi. Asidi amino ya glisini ikitangulia kiungo, kazi huenda haraka. Valini, isolusini au prolini ikitangulia, mmenyuko huzorota, na maji hupata muda wa kuivunja thioesta. Pasipo na sisteini ya asili, wengi huiweka mahali pa alanini, na baada ya kuunga huondoa salfa ili alanini irudi. Ni ujanja mzuri, ila huzing'oa pia salfa za sisteini nyingine zisizokingwa, kwa hiyo zihesabu mapema.

Mimi niliwahi kuharibu peptidi (mnyororo mfupi wa asidi amino) ya majuma matatu kwa sababu ya chupa iliyosuuzwa kwa asetoni. Spektromita ya masi ilionyesha ongezeko la daltoni 40 (kipimo cha uzito wa molekuli), nami nikahangaika siku mbili kabla ya kutambua kwamba asetoni ilikuwa imeishika sisteini ya mwanzo, ambayo haikuweza tena kuungana na kitu. Jizoeze kuzisoma tofauti za namna hii: thioesta ya MESNA (kemikali yenye salfa itumikayo kuitengeneza thioesta) iliyovunjwa na maji, kwa mfano, hupungukiwa daltoni 124 hivi.

Wakati wa kujenga peptidi, asidi amino za kawaida humiminwa kwa ziada ya mara nne au tano. Yenye isotopu ipe ziada ndogo na muda mrefu zaidi, kwa kuwa kinachobaki hutupwa.

Mchakato wote ufanye kwanza kwa peptidi isiyo na isotopu, mpaka protini ijikunje ipasavyo. Protini hiyo usiitupe. Katika infraredi, kaboni-13 iliyo kwenye kabonili moja (kaboni iliyoshikana na oksijeni kwa bondi mbili) huisogeza ishara yake chini kwa takriban sm⁻¹ 40 kutoka eneo la 1650, na badiliko hilo dogo, lililofunikwa na ishara za kabonili nyingine zote, utaliona vizuri pale tu utakapoitoa spektra ya protini hiyo ya kawaida kutoka katika spektra ya ile yenye isotopu.