Kabla hujamlipa wakala wa Ujerumani

Hakipiti kipindi bila mtu kuniandikia: “Dada, nifanyie mpango wa Ujerumani.” Nami humuuliza: una nini mkononi? Cheti? Akiba? Lugha? Jibu hilo ndilo linaloamua viza.

Mimi sikuulizwa. Mwaka 2019 nilimlipa wakala mmoja wa Nairobi shilingi elfu themanini, akaniletea mkataba wa hoteli. Nikaipigia hoteli. Jina langu hawakuwa nalo. Hela ikaenda hivyo; nikabaki na daftari la Kijerumani.

Daftari hilo ndilo lililonifikisha kwenye Ausbildung, yaani mafunzo ya kazi, ya uuguzi: miaka mitatu, mara darasani mara wodini, na mwajiri anakulipa tangu mwezi wa kwanza. Mimi nilianza na zaidi ya euro 1,000. Posho ikitosha kujikimu, huulizwi akiba ya benki. Unaulizwa mkataba na Kijerumani, B1 (kiwango cha kati) kwa uchache, na hospitali nyingi zinataka B2, hatua moja juu yake.

B1 ilinitoa jasho. Kusoma, kuandika na kuzungumza nilipita. Kusikiliza nikapata 57, na kupita ni 60. Bahati nzuri mtihani wa Taasisi ya Goethe, niliofanya mimi, unakuruhusu kurudia sehemu uliyoanguka peke yake. Miezi miwili nilikaanga mandazi huku simu ikinisomea matangazo ya stesheni za treni. Siku niliyofika, tangazo la kwanza nililolielewa lilikuwa la treni kuchelewa. (Utayazoea.)

Chancenkarte, viza ya kwenda kutafuta kazi iliyoanza Juni 2024, inasifiwa kupita kiasi. Ni mwaka mmoja wa kutafuta kazi, na vibarua visizidi saa 20 kwa wiki. Kwa wengi wetu inadai digrii au cheti cha ufundi cha angalau miaka miwili, Kijerumani cha A1 (kiwango cha mwanzo) au Kiingereza cha B2, na pointi sita za sifa zako. Halafu ile Sperrkonto, akaunti ya akiba iliyofungwa: zaidi ya euro 1,000 kwa kila mwezi wa mwaka, zimefungiwa benki. Kama fedha hizo ni za kukopa kwa shangazi, usiende. Mwaka ukiisha bila kazi, utarudi na deni.

Mwenye digrii aangalie kwanza kama chuo chake kimo kwenye anabin, orodha ya mtandaoni ya Ujerumani ya vyuo vya nje; ni bure.

Na ada ya viza ya kitaifa ni euro 75. Anayekwambia ubalozi unataka laki mbili, laki hizo anazitaka yeye.