Volkswagen ya marehemu, logibuku ya mtu mwingine

SWALI: Ndugu Mshauri, nakusalimu kutoka Jinja, Uganda. Nimepata Volkswagen Beetle, gari ambalo nimelitamani tangu utotoni, ikiwa imekaa bandani miaka mingi. Anayeiuza ni mtoto wa marehemu mwenye gari. Logibuku, yaani kitabu cha usajili wa gari, ipo, ila jina lililomo si la marehemu bali ni la mtu aliyemwuzia mwaka 1987, na ushahidi wa mauzo hayo ni karatasi moja ya mkono. Namba ya injini hailingani na ile ya kwenye logibuku, na vibao vya namba bado ni vile vya zamani, vya herufi tatu na tarakimu tatu tu. Muuzaji anataka shilingi milioni 9, nusu yake wiki hii. Fundi mmoja ameniahidi kunitafutia logibuku ya Beetle nyingine iliyokwisha kufa ili mambo yaishe haraka. Nifanyeje?

JIBU: Ndugu yangu, nianze na huyo fundi, kwa kuwa ushauri wake ndio wa hatari kuliko yote uliyoyaeleza. Logibuku hueleza gari moja tu, na ili ya gari jingine ikubaliane na lako ni lazima namba ya chesisi ifutwe na kugongwa upya. Hilo ni kosa la jinai, na gari lenye namba iliyochezewa linaweza kuzuiliwa na polisi hata likiwa mikononi mwa mtu aliyelinunua kwa nia njema. Najua kishawishi kinatoka wapi: tangu Oktoba 2018 sheria yetu hairuhusu kuingiza nchini gari lililopita miaka 15 tangu kutengenezwa, kwa hiyo makongwe yaliyomo ndani ya mipaka yetu yamezidi kuthaminiwa. Hata hivyo, mkatalie leo, na umkatalie waziwazi.

Kisha nenda bandani na tochi, kitambaa na mafuta ya taa kidogo. Inua kiti cha nyuma utazame tuta la chuma linalopita katikati ya sakafu. Hapo ndipo namba ya chesisi ya Beetle ilipogongwa kiwandani. Isafishe taratibu, weka karatasi nyembamba juu yake, pitisha penseli kwa ubapa mpaka tarakimu zijitokeze, halafu uzilinganishe na logibuku moja baada ya nyingine. Kwa Beetle za tangu nusu ya pili ya miaka ya 1960, tarakimu ya tatu hutaja mwaka wa toleo: namba inayoanza na 118 kwa kawaida ni ya toleo la 1968. Chunguza pia kama pana alama za kuchomelea au kusagwa, kwa sababu sakafu za magari haya huoza, na aliyebadilisha sakafu nzima huenda aliitupa namba pamoja nayo. Ikiwa chesisi inalingana, injini isikukoseshe usingizi. Injini ya Beetle imefungwa kwenye giaboksi kwa bolti nne tu, na nyingi zimebadilishwa zaidi ya mara moja. Mabadiliko hayo huombewa kusahihishwa kwenye usajili, kukiwa na ushahidi wa mahali injini ilikotoka.

Shida yako kubwa ni jina. Hapa pana hatua mbili za umiliki ambazo hazikuandikishwa, na zote mbili zinahitaji kuzibwa. Mtoto wa marehemu, hata kama ndiye mzaliwa wa kwanza na ndiye aliyelitunza gari, hawezi kuuza mali ya mirathi mpaka awe na barua za usimamizi, yaani hati za kumruhusu kusimamia mali ya marehemu, kutoka mahakamani, ambazo huombwa baada ya familia kupata hati ya kutokuwa na pingamizi kutoka kwa Msimamizi Mkuu wa Mirathi. Waulize ndugu zake pia, kwa heshima, kabla ya kutaja bei tena. Kwa upande wa pili, aliyeandikwa kwenye logibuku atafutwe akiwa hai, au warithi wake kama amefariki, aithibitishe ile karatasi ya 1987 na kusaini fomu za kuhamisha umiliki. Asipopatikana kabisa, mpe kazi wakili aeleze kama mahakama inaweza kutoa amri. Karatasi ya mkono peke yake haitakufikisha popote.

Wakati familia inahangaikia hayo, omba taarifa za gari katika Wizara ya Ujenzi na Uchukuzi, ambayo ndiyo inayotunza usajili wa magari siku hizi badala ya mamlaka ya mapato, URA, ujue kama namba hiyo ya zamani bado inatambuliwa na jinsi ya kupata vibao vya sasa. Omba kitengo cha Interpol cha polisi kikague kama gari limewahi kuripotiwa kuibwa. Pekua pia rejista ya dhamana za mali zinazohamishika iliyo chini ya ofisi ya serikali ya usajili, URSB, ingawa kwa gari lililolala bandani sitarajii utakuta deni.

Kuhusu hiyo nusu ya milioni 9, usiitoe wiki hii. Mwambie muuzaji kwamba uko tayari kuiweka kwa wakili kwa maandishi, itolewe siku barua za usimamizi zitakapopatikana na uhamisho utakapokubaliwa, na irudi kwako vikishindikana. Ikiwa ada za mahakama ndizo zinazomkwamisha, unaweza kumsaidia kuzilipa, kwa sharti kwamba zikatwe kwenye bei na stakabadhi zibaki kwako.