Shangazi, nina miaka 42: niache reli nikaongoze ndege?

Marahaba, mwanangu. Unaniambia kwamba una miaka 42, kwamba kwa miaka 18 umekuwa ukipokea na kuruhusu treni katika njia za Kigoma na Mwanza, na kwamba sasa unataka kuacha kazi na kuuza kiwanja chenu cha Ipuli, hapo Tabora, ili ukasomee uongozaji wa ndege Dar es Salaam. Mkeo hajui. Barua yako ina kurasa tatu, na humo mke amepewa mstari mmoja tu.

Unasema treni na ndege ni kazi ile ile. Nusu yake ni kweli, kwa kuwa kote kuwili wewe ndiye mtoa ruhusa, na neno moja lililosikika vibaya linaweza kuua. Lakini treni unaweza kuizuia Urambo mpaka njia iwe wazi, hata dereva akapata nafasi ya kushuka kununua asali. Ndege iliyo angani haiwezi kusimama ikusubiri, na inaunguza mafuta huku ukifikiri. Mwongoza ndege huziachanisha kwa kimo, mara nyingi futi 1,000, au kwa umbali, huku akiishika kichwani picha nzima ya anga ambayo haitulii. Wepesi huo wa akili ndio unaohofiwa kupungua kwa umri, na ndiyo sababu Marekani kwa kawaida haimpokei mwanafunzi aliyekwisha kutimiza miaka 31, na huwastaafisha waongoza ndege wakiwa na miaka 56.

Sheria hiyo ni ya kwao. Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga linataka mwenye leseni awe ametimiza miaka 21, bila kuweka kikomo cha juu; umri linamwachia daktari, kwani cheti cha afya cha miezi 48 hupungua hadi miezi 24 ukishavuka miaka 40. Kikomo cha kukutia hofu wewe kiko hapa nyumbani: matangazo ya ajira serikalini kwa kawaida hutaka mwombaji asizidi miaka 45, isipokuwa wale walioko kazini serikalini. Ukiacha kazi leo, utamaliza masomo ukiwa nje ya utumishi, umri ukikukaribia, na mwajiri wa kumwendea ni kama mmoja tu, Mamlaka ya Usafiri wa Anga. Tena cheti cha darasani hakikupi kipaza sauti. Lazima kwanza ufundishwe kituoni, ukiongoza ndege za kweli chini ya jicho la mkufunzi, na wapo wanaoshindwa hapo baada ya kufaulu mitihani yote.

Kwa hiyo baki kazini. Tumia likizo yako kupimwa na daktari wa usafiri wa anga aliyeidhinishwa, hasa macho, masikio na shinikizo la damu, kisha upime Kiingereza chako cha kusema, kwa maana kinachohitajika ni daraja la 4 kati ya 6. Ukiulizia chuo, uliza mwanafunzi wa umri wako ataajiriwa wapi. Usiulize ada peke yake. Ukiona mlango umefungwa, kumbuka kwamba Kigoma kuna chuo cha taifa cha hali ya hewa, na rubani hatui bila taarifa ya upepo na mawingu. Huko utafika kwa treni yako mwenyewe.

Sasa ule mstari mmoja. Mwongoza ndege hupangiwa kituo na mwajiri na hufanya zamu za usiku, kwa hiyo mkeo ndiye atakayehama nawe au kubaki Tabora na watoto. Mwambie wiki hii, kabla hujakwenda kwa daktari, na umpe barua hii aisome mwenyewe. Kiwanja ni chenu wawili. Akisema kisiuzwe, kisiuzwe.