Paka wa Nje: Maswali Yenu, Majibu Yetu

Barua za toleo hili zinazunguka jambo lilelile: paka asiye na mwenyewe amejileta nyumbani, sasa nifanye nini? Karibu kila jibu letu linaanzia palepale. Mwangalie kwanza, sahani itafuata.

Kuna paka wa kijivu anakuja uani kila jioni. Nikimsogelea anakimbia, lakini haendi mbali. Nitajuaje kama amepotea kwa mtu au ni shume asiyezoea watu?

Kukimbia bila kwenda mbali tayari ni nusu ya jibu. Paka aliyewahi kuishi na watu hujitenga hatua chache, hugeuka, hukutazama usoni, na mara nyingi hulia "nyau". Paka wakubwa hawaliani hivyo sana wao kwa wao. Mlio ule ni wa kumwita binadamu. Paka ambaye hajawahi kushikwa na mtu huwa kimya mbele yako, hutembea tumbo likiwa chini chini kando ya ukuta, na hali chochote mpaka umeshaondoka.

Tazama mkia. Ukisimama wima na ncha imejikunja kidogo, hiyo ni salamu. Ukinywea chini ya tumbo, ni woga. Ukitutumka manyoya, usisogee.

Ila msihukumu kwa siku moja. Paka wa nyumbani aliyetupwa nje huwa na hofu ile ile ya shume kwa siku kadhaa, na akiwa ndani ya mtego huwezi kabisa kuwatofautisha. Mpe wiki nzima ya kumtazama kwa saa ile ile.

Halafu tazama masikio. Ncha ya sikio moja ikiwa imekatwa kwa mstari ulionyooka, kama sentimita moja, maana yake ameshafungwa kizazi akarudishwa. Usimsumbue kwa upasuaji wa pili. Sikio lililochanika ovyo ni la ugomvi tu. Dume asiyehasiwa ana mashavu mapana na mkojo unaonuka hadi barazani. Rangi nayo husaidia kwa mbali: paka mwenye rangi tatu, nyeusi, nyeupe na chungwa, karibu kila mara ni jike, na wa chungwa tupu wengi wao ni madume.

Akikubali kuguswa, mfunge shingoni ukanda wa karatasi (karatasi, ili ukinasa mahali uchanike) ulioandikwa: "Paka huyu ni wako? Piga namba hii." Daktari wa mifugo pia anaweza kumpitishia kifaa cha kusoma chipu, kidude kidogo chenye namba ya utambulisho, ambacho huwekwa chini ya ngozi katikati ya mabega.

Nimekuta watoto wanne wa paka nyuma ya mbao, mama yao haonekani. Niwachukue ndani?

Dada, rudisha mikono kwanza. Kosa kubwa linalofanywa na watu wenye huruma ni hili la kuwaokoa watoto ambao hawajatelekezwa. Mama huenda kutafuta chakula kwa saa kadhaa, na wewe ukisimama pale harudi.

Watoto wenye mama ni wasafi, matumbo yamejaa, wamelala wamerundikana kimya. Wasio na mama ni wachafu, wanalia mfululizo, na ukiwagusa tumbo ni baridi. Ukibaki na shaka, nyunyiza unga mkavu kuwazunguka, uondoke kabisa, urudi baada ya saa nne hivi. Nyayo kwenye unga zitakuambia kama amepita. Pale walipo pakiwa pa hatari, kama njia ya maji au ya magari, wasogeze mita chache tu, mahali ambapo mama atawasikia.

Kinachofuata kinategemea umri, na umri unasomeka mwilini. Macho yamefumba na masikio yamelala: hawajapita siku kumi hivi. Macho yamefunguka, rangi ya buluu, wanatambaa kwa kuyumba: wiki mbili hadi tatu. Meno ya mbele yametokeza na masikio yamesimama: wiki ya tatu au ya nne. Wanakimbia, wanarukiana na kukufokea: wameingia wiki ya tano na kuendelea.

Kati ya wiki ya pili na ya saba ndipo paka hujifunza kwamba binadamu si adui. Mama akiwepo, subiri waanze kula wenyewe, kisha wachukue kabla dirisha hilo halijafungwa. Washikeshike mara kadhaa kwa siku, dakika chache chache, huku wakila. Wakipita wiki ya nane au ya tisa kazi huwa ndefu, na baada ya miezi minne wengi hubaki waoga maisha yao yote. Hao wafungeni kizazi, muwarudishe walikokuwa. Kumfungia ndani paka wa miezi sita asiyetaka watu si wema.

Mama akiwa hayupo kweli, fuata mpangilio huu bila kuuruka. Joto kabla ya maziwa: mtoto aliyepoa tumbo lake haliwezi kusaga chakula, na ukimlisha unamuua. Funga chupa ya maji ya moto kwa taulo, uiweke upande mmoja wa boksi ili aweze kuisogelea au kuikimbia. Kisha maziwa ya unga yaliyotengenezwa kwa ajili ya watoto wa paka, kwa chupa ndogo au bomba la sindano lisilo na sindano. Alale kifudifudi, kichwa kimeinuka kidogo, kama anavyonyonya kwa mama. Akilazwa chali kama mtoto wa mtu, maziwa huingia mapafuni.

Wiki ya kwanza ni kila saa mbili hadi tatu, usiku na mchana; kufikia wiki ya tatu unaweza kufika saa nne. Kila akimaliza, mpanguse chini ya mkia kwa pamba yenye maji ya vuguvugu mpaka akojoe, kwa sababu hawezi peke yake na mama ndiye humlamba. Mpime kila siku kwa mizani ya jikoni. Huzaliwa na gramu 100 hivi na huongeza gramu 10 hadi 15 kwa siku. Siku nzima bila kuongezeka ni onyo. Akipungua, ni daktari siku hiyo hiyo.

Ninawawekea maziwa ya ng'ombe na makombo ya mezani. Yanatosha?

Hapana, na maziwa yaacheni kabisa. Paka wengi wakubwa hawawezi kusaga sukari ya maziwa, hivyo huharisha, na paka wa nje anayeharisha hukaukiwa maji upesi. Wekeni maji safi.

Chakula kikavu cha paka kama gramu 60 kwa siku humtosha paka wa kilo nne. Chakula cha mbwa hakifai kwa muda mrefu: paka lazima apate taurini, kirutubisho kilichomo kwenye nyama, na akiikosa huharibika macho na moyo. Nyama na samaki ni sawa vikiiva na vikitolewa mifupa, lakini vitunguu vya aina zote, pamoja na kitunguu saumu, huvunja chembe nyekundu za damu yake. Mchuzi wenye kitunguu nao umo humo.

Muda una uzito kuliko wengi wanavyodhani. Lisheni mchana, saa ile ile, na baada ya nusu saa ondoeni sahani. Chakula kinacholala nje huita panya, siafu na ugomvi wa jirani, na kinawanyima ninyi nafasi ya kuhesabu nani amekuja na nani amekosekana.

Nimewalisha mwaka mzima, walikuwa watatu, sasa sijui ni wangapi. Nianzie wapi?

Kwenye kuwafunga kizazi. Tutasema bila kuzunguka: kulisha peke yake ndiko kulikokufikisha hapo. Mimba ya paka ni siku 63 hadi 65, jike anaweza kushika mimba akiwa na miezi minne tu, na hupandwa tena hata kabla hajaachisha watoto kunyonya.

Zungumza na daktari wa mifugo kwanza, upate siku, ndipo utege. Watu hufanya kinyume, wanabaki na paka aliyefungwa usiku kucha na hakuna wa kumpasua. Tumia mtego wa kizimba wenye mlango unaojifunga. Kwa wiki moja au mbili uweke pale wanapokula, mlango umefungwa kwa kamba ubaki wazi, na sahani isogee ndani kidogo kidogo. Siku moja kabla ya kutega, ondoa chakula chote, acha maji.

Tandika gazeti sakafuni, maana paka hapendi kukanyaga nyaya. Chakula chenye harufu kali, samaki wa kopo kwa mfano, weka nukta nukta kutoka mlangoni, na fungu lenyewe liwe nyuma ya bati la kukanyaga linalofyatua mlango, mwisho kabisa. Likiwa karibu mno, atanyoosha shingo, ale, atoke. Mtego ukiyumba hata kidogo atarudi kinyumenyume na hutamwona tena kwa siku kadhaa. Uweke pasawa, uutikise kwa mkono kuhakikisha.

Mlango ukifunga, funika mtego wote kwa kitambaa kizito papo hapo. Paka aliyekuwa anajirusha kwenye nyaya mpaka pua inatoka damu hutulia gizani baada ya dakika chache. Usiufungue njiani kwa sababu yoyote, wala usiache mtego uliotegwa bila mtu wa kuutazama.

Ukimkuta jike mwenye chuchu zilizovimba na manyoya yamelambwa kuzizunguka, ana watoto mahali. Mwambie daktari mapema, ili kama watoto ni wachanga arudishwe kwao siku ile ile.

Baada ya upasuaji abaki kwenye kizimba kilichofunikwa, mahali pakavu pasipo baridi: dume kama saa 24, jike saa 24 hadi 48. Asipewe chakula mpaka ameinua kichwa na anakutazama sawasawa. Kisha arudishwe pale pale alipokamatwa. Na usishangae dume aliyehasiwa kumpa jike mimba wiki chache zinazofuata. Mbegu zilizobaki huchukua muda kuisha.

Jirani anasema niwapeleke mbali wote. Si ndiyo rahisi?

Rahisi kwa siku chache. Paka wanakaa hapo kwa sababu kuna chakula na maficho. Ukiwaondoa na vyote viwili vikabaki, wengine huingia, na hao hawajafungwa kizazi. Paka aliyehamishwa naye hujaribu kurudi, akavuka barabara asizozijua. Kumhamisha sawasawa, pale isipoepukika, ni kumfungia kwenye banda kubwa huko aendako wiki mbili hadi nne, akilishwa, ndipo afunguliwe.

Mwonyesheni jirani masikio yaliyokatwa ncha. Makelele ya usiku na mkojo wa kunyunyiziwa ukutani, vitu vinavyomuudhi zaidi, hupungua sana baada ya kuhasiwa.

Ana viroboto wengi. Dawa ya mbwa iliyobaki nyumbani inafaa?

Usithubutu. Dawa nyingi za viroboto vya mbwa zina pemethrini, sumu ya wadudu ambayo mwili wa paka hauwezi kuiondoa. Huanza kutetemeka, kisha degedege, na wengine hufa. Tumia yenye maandishi ya paka na uzito wake. Na mwenye maumivu asipewe parasetamoli: kidonge kimoja cha mtu mzima kinatosha kumuua.

Nimeng'atwa nikimtoa paka aliyenasa kwenye waya. Kidonda ni kidogo mno. Nisubiri?

Ndugu, usisubiri. Meno ya paka ni membamba, hivyo tundu la juu hujifunga upesi na vijidudu vikabaki chini, karibu na mshipa au kiungo. Osha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15 kamili, kisha nenda hospitali leo, ukaulize habari ya chanjo ya kichaa cha mbwa na ya pepopunda. Kichaa kikishaonyesha dalili karibu hakuna anayepona, ila chanjo ikiwahi hukizuia. Mkono ukivimba, ukawa mwekundu au kidole kikakataa kukunja, hata iwe usiku, nenda.

Mimi ni mjamzito na paka wanachimba bustani yangu ya mboga. Niwafukuze?

Usimwage dawa ya nondo. Inawadhuru wao na mboga zako. Laza wavu wa kuku chini ya udongo, sentimita mbili au tatu, miche ipite kwenye matundu. Paka akikuta waya huacha. Kwenye kona ya mbali wawekee wao mchanga mkavu uliolegea, maana hiyo ndiyo wanayoitafuta. Waliponyunyiza mkojo, usisafishe kwa dawa yenye amonia: kwao inanuka kama mkojo wa paka mwingine, nao watajibu.

Kuhusu mimba, hofu ni toksoplasmosi, ugonjwa unaoweza kumdhuru mtoto aliye tumboni. Vijidudu vyake hutoka kwenye kinyesi cha paka aliyeambukizwa, na huhitaji siku moja au zaidi nje kabla ya kuweza kuambukiza. Kwa hiyo kinyesi kiondolewe kila siku, na mtu mwingine, si wewe. Ukilima vaa glavu, osha mboga vizuri, funika mchanga wanaochezea watoto. Na nyama ya kula iive mpaka ndani, kwa kuwa nyama mbichi huambukiza ugonjwa huo huo hata nyumba isiyokanyagwa na paka.